Baba Yako Nani?

Jumapili, 15 Januari

Sikukaa kunywa chai ukumbini baada ya ibada. Niliogopa kukutana na yule dada aliyekuwa nyuma yangu jana kwenye foleni ya duka. Kadi ilikataliwa. Nikatoa ya pili — ikakataliwa. Ya tatu sikuthubutu. Nikasema kwa sauti kubwa, kama mwigizaji wa mchezo wa shule, kwamba nimesahau pochi nyingine kwenye gari. Nikaacha kikapu palepale, na nyama ya kusaga, na maziwa, na dawa ya kikohozi ya Lauchie. Nikaendesha hadi nyumbani kwenye baridi bila kuwasha hita. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kujiadhibu.

Lauchie aliuliza dawa yake iko wapi. Nikamwambia imekwisha dukani. Akasema basi atakohoa bure bure, bila gharama. Anapenda mzaha, mume wangu. Nilicheka nikiwa nimempa mgongo.

Acha niandike hapa, maana hakuna pengine pa kusema. Nina kadi tano. Na mkopo wa kampuni ya fedha. Lauchie anajua kadi moja tu. Paa lilivuja, nikalipa kwa kadi. Hita ya mafuta ikafa, kadi. Mapafu yake yakamtoa kazini — kadi, na kadi ya kulipia kadi. Hayo mtu angeweza kuyasema mbele za watu. Lakini nusu ya deni ni harusi ya Shauna. Binti yangu hakuomba kambakoche kwa wageni mia mbili. Mimi ndiye niliyetaka! Nilitaka mji wetu mzima wa Glace Bay warudi makwao wakisema Rhodena si mchezo. Na walisema. Walilamba vidole, wakasema.

Mchungaji mlangoni akanishika mkono: pole tena kwa msiba wa mzee Alec Ndoo. Tangu Oktoba nimesikia hilo Ndoo mpaka basi. Akina Alec MacAskill ni wengi mno mjini, kila mmoja lazima awe na jina la utani, na baba yangu alipewa hilo. Alikuwa akizunguka mlango kwa mlango na ndoo ya makaa kuchangisha pesa, leo kwa ajili ya aliyefiwa, kesho kwa ajili ya aliyeunguliwa nyumba. Wengine wanaona sifa. Mimi nilikuwa msichana mdogo nikimwona baba yangu anabisha hodi kama ombaomba, na shuleni wananiita Mtoto wa Ndoo. Kwa hiyo nilipoandika tangazo la kifo chake, la gazetini na la kwenye mtandao, niliandika "Alec Fidla". Fidla alikuwa nayo kweli. Alijua wimbo mmoja, na huo nusu.

Jumanne, 17 Januari

Nimejifungia bafuni na simu, natafuta msaada wa madeni. Wako wengi! Kwenye picha zao wote wanacheka. Sijui mwenye madeni anayecheka hivyo anaishi mji gani.

Nimesoma hadi macho yanauma. Kuna mpango rasmi wa kisheria. Unawaahidi wanaokudai sehemu ya deni, unalipa kila mwezi, inaweza kufika miaka mitano, na wakikubali basi hakuna wa kukushika shati tena. Wa kuuandikisha ni mdhamini wa mambo ya madeni, mwenye leseni ya serikali. Mmoja yuko hapahapa, ghorofa ya juu ya duka la dawa. Odette Samson. Mazungumzo ya kwanza bure, imeandikwa.

Lakini ngazi yake inatazamana na duka la donati! Nusu ya mji wanakaa pale dirishani asubuhi na kahawa zao, hawana kazi nyingine isipokuwa kutazama nani anapanda. Tena karani wake wa mapokezi ni Mae Petrie. Mae tunasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya, tunashika kitabu kimoja cha nyimbo.

Hapana. Afadhali nizikwe.

Alhamisi, 26 Januari

Nimempata mtu! Kampuni inaitwa Mwanzo Mwepesi, wako Halifax, kila kitu kwa simu. Hakuna ngazi, hakuna dirisha la donati, hakuna Mae.

Niliongea nikiwa ndani ya gari nje ya hospitali baada ya zamu yangu ya kufua mashuka. Jamaa anaitwa Kenny Gillis. Sauti ya kwetu kabisa. Kabla sijamwambia kiasi, nikamuuliza swali ambalo sisi humuuliza hata muuza viazi: baba yako nani? Akacheka. Akasema yeye ni wa Angus Gillis, upande wa Inverness. Na wewe? Nikasema Alec MacAskill, wa New Aberdeen. Akasema jina si geni, lakini saa yake ya chai imefika, atanipigia akishakunywa.

Akapiga. Na safari hii sauti imechangamka! "Wewe mama, kumbe ni mtoto wa Alec Fidla! Mbona hukusema? Mzee wangu hakuacha kumtaja. Na yule Hector, ndugu yake, bado yuko Sudbury?" Nililia, palepale kwenye maegesho, wauguzi wanapita. Akaniacha nilie. Kisha akasema, "Basi yameisha. Wewe ni mtu wa nyumbani, siwezi kukuacha uzame."

Alec Fidla. Hatimaye mtu mmoja duniani amemwita hivyo. Nimepika kababu za samaki na viazi, na Lauchie kaniuliza nina nini leo mbona naimba.

Jumatatu, 30 Januari

Nimesaini kwa kidole kwenye simu. Ada ya kufungua faili kwanza, kisha kiasi cha kila mwezi, vyote kwao. Pesa ya ada nimeitoa kwenye bahasha ya mafuta ya hita. Kenny ameniagiza niache kulipa kadi zote leoleo, na mkopo pia, wakinipigia nisipokee. Nikamuuliza, na mpango wenyewe rasmi mtauandika ninyi? Akasema sisi ndio tunaotayarisha faili lako, mama, usijali.

Nikauliza habari za yule mdhamini wa leseni. Akashusha sauti. Hao ni watu wa serikali, akasema. Ukikanyaga kwao tu, nyumba wanaiuza.

Nyumba hii ilikuwa ya kampuni ya makaa ya mawe, baba akainunua kidogo kidogo kutoka mshahara wake. Nimezaliwa chumba cha mbele. Sitakanyaga.

Jumatano, 15 Februari

Simu haipumziki. Asubuhi, wakati wa chakula, wakati wa habari za jioni. Ya nyumbani, si ya mkononi! Namba hiyo niliwaandikia mwenyewe zamani nikiomba kadi.

Leo Lauchie amenikuta nikikata. Nani huyo? Nikasema la kwanza lililonijia: wale wanaouza huduma ya kusafisha mabomba ya hewa ya nyumba. Kila nyumba Kanada inapigiwa na watu hao. Akafurahi kama kapewa zawadi! "Wakipiga tena niite mimi. Nitawaambia mabomba yetu ni safi kuliko dhamiri ya mchungaji."

Amekaa karibu na simu jioni nzima akisubiri. Niliichomoa waya kwa nyuma, nikajifanya napangusa vumbi.

Ameoa mwongo, maskini, na hajui.

Jumapili, 5 Machi

Barafu imejaa ghuba yote. Kwaya ilikuwa na watu wachache. Tulikula supu na biskuti za shayiri baadaye ukumbini, na mama mmoja mwenye mdomo mrefu akamchokoza Mae mbele ya wote.

"Haya Mae, huko juu ya duka la dawa, wiki hii kaingia nani?"

"Kaingia upepo. Ule mlango haufungi vizuri."

"Usitufiche bwana, tunajua mwaka huu watu wana hali mbaya."

"Basi wachangie supu, badala ya kuhesabu watu kwenye ngazi."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinamia bakuli, nimesafisha kijiko kwa mkate mara sijui ngapi. Mae akaniuliza kwa upole kama nataka supu zaidi. Nikasema hapana kwa ukali ambao haukuwa na sababu. Akaniongezea hata hivyo.

Alhamisi, 23 Machi

Barua. Nimeipata kabla ya Lauchie kwa sababu nilichelewa kwenda kazini tu, ni bahati tupu. Kampuni ya fedha wanasema wamekwenda mahakamani. Wanaomba amri mshahara wangu ukatwe kule kule hospitalini kabla haujanifikia.

Anayeshughulikia mishahara hospitalini ni Sadie. Dada yake Lauchie. Ikimfikia Sadie asubuhi, saa ya chakula cha mchana Lauchie anajua, na jioni inajulikana hadi mji wa jirani, Sydney.

Nimempigia Kenny. Hapokei. Tena. Tena. Mwishowe akapokea mwanamke, akaniuliza namba ya faili, akasema linashughulikiwa. Nikapandisha sauti: linashughulikiwa na nani, nimelipa miezi yote hii! Ndipo Kenny akaja. Habari mama, akasema, tumefika hatua ya mwisho, sasa tunalipeleka faili kwa mdhamini mwenye leseni, ana uwezo wa kusimamisha jambo la mahakama. Kuna ada ndogo ya kukufikisha.

Nikasema — kwa mdhamini? Si ulisema watauza nyumba?

Akasema huyu ni tofauti, huyu ni wetu.

Nikauliza, wadai wangu mmewalipa nini kwa pesa nilizotuma? Akasema hizo zilikuwa za huduma.

Za huduma! Nimekaa ndani ya gari mpaka vioo vikafunga ukungu. Kama wa kuandikisha mpango ni mdhamini, na mdhamini yuko juu ya duka la dawa, na mazungumzo ni bure, mimi nimelipa nini? Nimemlipa mtu anipeleke dakika kumi kutoka nyumbani kwangu. Lakini moyo bado unamtetea. Alimjua baba. Huenda wakubwa wake ndio wabaya.

Jumamosi, 25 Machi

Leo alikuja Rannie, binamu wa baba, na samaki wa chumvi kwenye mfuko wa plastiki. Mzee wa miaka themanini na kitu, meno mawili, ulimi mkali. Tulikuwa jikoni watatu, Lauchie akikohoa na kucheka.

Rannie akaanza habari za tangazo la kifo. "Binti, nilitaka kukuuliza tangu mazishi. Alec Fidla ni nani?"

Nikasema, ni baba, nani mwingine.

"Baba yupi? Liliposomwa kanisani, sisi kwenye benchi la nyuma tulisukumana viwiko tukidhani tumeingia mazishi ya mtu mwingine! Alec hajawahi kuitwa Fidla na kiumbe yeyote. Alipoichukua ile fidla hata paka alidai mlango ufunguliwe!"

Lauchie akacheka mpaka akashika meza. Mimi nilisimama na birika mkononi.

Hajawahi kuitwa na kiumbe yeyote. Jina nimelitunga mimi, mezani hapa, Oktoba. Limeandikwa kwenye tangazo lile tu. Na mtu aliyeambiwa Alec MacAskill wa New Aberdeen, akaomba kwenda kunywa chai, akarudi akiwa analo! Na Hector wa Sudbury — nilimwandika mwenyewe, kwenye orodha ya ndugu aliowaacha.

Chai ilimwagika mezani. Rannie akadhani nimekasirika kwa ajili ya baba. Akashusha sauti, akaniambia nisione aibu jina la Ndoo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mara ya kwanza kabisa baba kuzunguka na ile ndoo haikuwa kwa ajili ya mwingine. Shimo la makaa lilikuwa limeshika moto, hakuna mshahara, na mimi mtoto mchanga hospitali na kifua. Alianzia mlango wa jirani. Akasema, ni kwa ajili yangu mwenyewe. Ndiyo maana baadaye alibeba za wengine wote.

Nilipaswa kuguswa. Nilikasirika! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Nimelificha jina hilo maisha yangu yote kumbe lilinunua dawa yangu. Nikamfungia Rannie biskuti za shayiri, nikamshukuru, nikaenda kulia kwenye chumba cha kufulia mashine ikiwa inazunguka tupu.

Jumatatu, 27 Machi

Nilitaka kuwa na hakika. Wakati wa mapumziko nilimpigia kwa simu ya mwenzangu wa zamu. Akapokea upesi, namba ngeni!

"Kenny, ni Rhodena."

"Mama! Umeipata ile ada?"

"Kwanza niambie. Mzee wako alimwona baba yangu wapi akipiga fidla?"

"Aah, kila mahali. Kwenye dansi zote za ukumbi. Alikuwa anajaza ukumbi, mzee wangu anasema."

"Baba yangu hajawahi kupiga dansi hata moja."

Nikasikia simu nyingine zikilia huko nyuma yake, na sauti ya mtu ikimuuliza mwenzake kwa furaha, kumbe wewe ni wa MacLeod! Huko kuna meza nzima yao. Wamefungua matangazo ya vifo vyetu mbele yao, wanasoma.

Akasema, "Mama, sikiliza—" nikakata. Nilipopiga tena baadaye namba haikupatikana.

Sikumuuliza kama ana leseni. Orodha ya serikali ipo wazi kwenye mtandao, unaandika jina, unaona. Nilimuuliza baba yake nani! Na chambo nilikitia mwenyewe kwenye ndoano. Laiti ningeandika Ndoo kama ilivyo, angerudi kwenye simu na Ndoo, pengine ningeona haya nikakata.

Jumatano, 29 Machi

Nimefika hadi mlango wa ngazi. Nimeshika kitasa. Dirishani kwenye donati, kofia tatu zikageuka pamoja.

Nikaingia duka la dawa. Nimenunua shampuu. Tuna chupa nne sasa.

Jumanne, 4 Aprili

Nimepanda.

Mvua iliyochanganyika na theluji, kila mtu ameinamisha kichwa, nikaona ndiyo nafasi. Ngazi zinapiga kelele kila kipandio. Juu, mlango — kweli haufungi vizuri. Na Mae mezani, miwani puani.

Alinitazama. Nikamtazama. Jumapili tulikuwa tumeshika kitabu kimoja. Nilijua atasema, Rhodena! kulikoni? Nikawa nimeshageuka nusu.

Akachukua kalamu, akasema, kama mtu ambaye hajawahi kuniona: "Karibu mama. Jina lako?"

Alinipa nafasi ya kuwa mgeni. Nikamtajia jina. Akaandika taratibu, kila herufi, kana kwamba ni jina la kutoka mbali. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, lile swali. Sijui kama ni mazoea ya mdomo tu, au alitaka kunituliza.

"Baba yako nani?"

Ningeweza kusema Alec MacAskill tu, ikatosha. Nikasema, "Alec Ndoo."

Mae akavua miwani. "Mimi namkumbuka," akasema. "Mwaka ule mama yangu amelazwa, alikuja kwetu na ndoo imejaa." Akavaa miwani tena. "Kaa pale karibu na hita, mama. Odette anakuja."

Nilikaa. Uso unawaka. Nilitamani kufa na nilitamani kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja.

Odette Samson ni mwanamke mfupi mwenye sweta ya kijani na ulimi usio na sukari. Kabla sijakaa vizuri akageuza kompyuta: hii ndiyo orodha ya serikali, tafuta jina langu mwenyewe, usiniamini kwa sura. Nikatafuta. Lipo. Nikamweleza yote, na Kenny, na ada, na Fidla. Hakucheka. Akasema si mimi wa kwanza mwaka huu, na wengine walioingia ni watu nisioweza kuwadhania. Pesa za Kenny atanionyesha pa kulalamikia, lakini nisizitegemee kurudi.

Nyumba? Akasema mpango wa namna hii hauuzi nyumba, mradi niendelee kulipia nyumba yenyewe na kodi zake. Nikamwomba arudie. Akarudia. Tukiandikisha kabla ya amri ya mahakama, kampuni ya fedha wanasimama hapohapo, na Sadie haoni karatasi yoyote. Wadai watapiga kura, wanaweza kukataa, hakuna wa kunihakikishia. Ada yake inatoka ndani ya yale malipo ya kila mwezi, imepangwa na sheria, si nyongeza.

Nilikuwa nimeshaanza kupumua! Ndipo akasema anahitaji mapato ya nyumba nzima. Yangu na ya mume wangu. Karatasi ya pensheni ya Lauchie, ifike Alhamisi asubuhi.

Nikasema, yeye hajui.

Akasema, "Madeni ni yako peke yako, yeye hadaiwi. Lakini nyumba ni moja, mama. Siwezi kuandika nusu ya nyumba."

Nikamuuliza kama naweza kuichukua tu kabatini, nikaileta. Akasema karatasi ni karatasi, ataipokea. Lakini atanipigia nyumbani, na barua zake zitakuja nyumbani, kwa miaka mitano. Nitakuwa naruka kwenda kupokea simu miaka mitano yote?

Nilipotaka kushuka ngazi Mae akanishikisha kitu mkononi, vidonge vya mnanaa vya koo. Sauti yako ilikuwa imekauka, mama, akasema. Bado ananiita mama, kama mgeni.

Jumatano, 5 Aprili

Jioni. Lauchie yuko sebuleni, mimi meza ya jikoni. Pai ya nyama iko kwenye oveni, nimeinunua kwa pesa taslimu. Karatasi ya pensheni nimeshaitoa kabatini. Iko chini ya daftari hili. Ningeweza kuipeleka kesho asubuhi akiwa amelala. Nimeliwaza hilo siku nzima, na kila nikiliwaza najiona duniani hakuna mnyonge kama mimi.

Kwa hiyo najaribu maneno hapa kwanza.

Lauchie, kuna jambo. — Hapana, atadhani ni ugonjwa.

Lauchie, unakumbuka kambakoche? — Hapana! Anazisifia hadi leo, mbele za watu. Anasema ndiyo siku aliyojiona mwanamume wa maana.

Lauchie, nina madeni na nimekuficha. Nilidanganywa na mtu kwa jina la baba nililolitunga mwenyewe. Naomba usiniangalie nikimaliza kusema.

Hilo ndilo. Baba alisimama mlangoni kwa jirani akasema ni kwa ajili yangu mwenyewe. Mimi nashindwa kwenda sebuleni, kwa mtu anayenipenda.

Pai ikiiva nitamwita. Nikimwita tu nitasema, kabla hajaimwagia ketchapu.

Simu inalia. Ya nyumbani.

Sikuchomoa waya! Nilisahau, leo nzima nilikuwa na—

Ameshaifikia. Nasikia viatu vyake vya ndani. Anakuja nayo huku jikoni, waya mrefu unajivuta nyuma yake, ananikonyeza. Amesubiri tangu Februari, maskini. "Dina," ananinong'oneza, ni yeye tu anayeniita hivyo, "wale wa mabomba!" Sasa amekohoa, amenyoosha mgongo. Anaanza: "Halo bwana, nikueleze habari za mabomba yangu. Mabomba yangu, bwana, ni safi kuliko..."

Amenyamaza.

Anasema, "Hapana?"

Anasema, "Si wa mabomba."

Anasema, "Ndiyo, ni mke wangu. Unamtakia nini?" Anasikiliza. Hawaruhusiwi kumwambia deni, najua, wanaacha jina la kampuni tu na namba ya kupiga. Lakini jina linatosha. Amevua kofia. Lauchie havui kofia ndani ya nyumba hata kwa mchungaji.

Haniangalii. Nimeomba asiniangalie, na haniangalii, na sikutaka iwe hivi. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi niinue uso.

"Polepole," anasema. "Rudia hiyo namba."

Amenyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Anataka kalamu.